Chanzo: Kisiki cha Msonobari

Lavonia Peebles alikuwa hajamaliza kufunga vifungo vya koti la maabara kaka yake akampigia simu kutoka getini mwa kiwanda.

"Wamenirudisha tena! Lori zima! Eti visiki vyangu vibichi."

"Vibichi vipi, Cleon? Si vya ule msitu uliokatwa babu akiwa hai?"

"Hivyo hivyo! Mlinzi kapiga shoka mbele yangu, ndani kisiki chekundu kwa utomvu wa miaka, kinanata mpaka kwenye mpini. Halafu ananikazia macho, anasema kibichi. Hana hata haya."

Mara ya tatu wiki ile. Wachimba visiki wote wa kaunti walikuwa wakirudishwa, na matanuri ya kiwanda hayakuzimwa hata siku moja. Sasa humo ndani walikuwa wanapika nini, mawe?

Kiwanda kilipika utomvu wa visiki vya msonobari pamoja na gliserini, kikaupulizia mvuke mpaka harufu yote ikaisha. Kilichobaki kilikuwa kigumu, cha manjano, kama pipi ya asali. Watengeneza soda walikiyeyusha ndani ya mafuta ya maganda ya machungwa ili mafuta yasielee na kuacha utepe shingoni mwa chupa. Mkataba nao ulisema utomvu wa visiki tu, vile vilivyokaa ardhini miaka mingi. Kila mzigo ulitoka na fomu yenye mstari wa chanzo, na chini yake sahihi ya Lavonia.

Leo yalikuwa mapipa arobaini. Alipima joto la kulainika, likawa sawa. Rangi sawa. Kwenye mafuta ya chungwa kipande kikayeyuka bila ukungu. Mtu mwingine angesaini akaenda kunywa chai, lakini Lavonia roho ilikataa. Akafanya kipimo ambacho bosi alishakiita kupoteza muda: akapasha kipande moto ndani ya kineli cha kioo, akaweka kwenye mdomo wa kineli karatasi iliyoloweshwa maji yenye madini ya risasi. Utomvu wa visiki hauna kiberiti, ile salfa, kwa hiyo karatasi hubaki nyeupe.

Ikawa kahawia. Ikawa nyeusi tii.

Akarudia. Nyeusi. Akakumbuka malori ya kiwanda cha karatasi cha ng'ambo ya mto, yaliyokuwa yakiingia kwa geti la nyuma. Masalia ya utomvu ya huko yana kiberiti, na bei yake ni ya bure.

"Bi Lavonia!" Bwana Dale, meneja, alimkaribisha ofisini kwa tabasamu. "Mama hajambo?"

"Hajambo, Bwana Dale. Hii siyo ya visiki."

"Labda kineli kichafu."

"Nimebadilisha."

"Sasa atakufa nani? Wanangu wenyewe wanakunywa hiyo soda."

"Sijasema atakufa mtu. Nimesema siyo kisiki, na hapa pameandikwa kisiki."

Bwana Dale akachezea kalamu. "Nasikia kaka yako anapata shida getini. Mambo madogo hayo, Bi Lavonia. Watu wakielewana yanaisha leo leo."

Lavonia alimwona Cleon akilini, na lori lake limejaa.

"Sisaini," akasema.

"Haya." Bwana Dale hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Akabonyeza kompyuta, mashine ikatema fomu. Chini kabisa palikuwa na sahihi yake Lavonia, ileile waliyoipiga picha mwaka jana walipobadilisha mfumo. Kupitia dirisha aliona mapipa yakipakiwa.

Akarudi maabara. Sampuli ya kila mzigo hutunzwa miaka miwili, basi akafunga ile karatasi nyeusi kwenye chupa ya sampuli, akaandika tarehe na jina lake kwa mkono, akafungia kabatini. Saa tisa watu wa Bwana Dale walikuja kuulizia ufunguo. Akasema kausahau nyumbani, na ulikuwa ndani ya soksi.

Saa kumi simu ikalia.

"Lavonia! Wameniita wenyewe! Kumbe visiki vyangu vizuri!" Cleon alikuwa anacheka. "Umeongea na mzee, eh? Mungu akubariki, dada yangu."

"Sikuongea naye hivyo. Cleon, nisikilize. Usipeleke."

"Nini?"

"Visiki. Kesho usipeleke. Watasema ndiyo malipo ya sahihi yangu."

Kicheko kikakatika. Lavonia akasikia injini ikinguruma.

"Niko kwenye mzani," Cleon akasema. "Wameshanipokea."