Sentensi za Mnadi

Enzi za kazi yake mzee alikuwa mnadi, mtu wa kuuza kiti cha miguu mitatu na mnunuzi akaondoka akishukuru. Kiharusi kikamnyang'anya ulimi na mkono wa kulia kwa siku moja. Tangu hapo alisema kwa kompyuta ya mezani: aligusa maneno kwa kidole cha kushoto, nayo ikayatamka. Kwa miaka miwili alijiwekea humo sentensi zake mwenyewe, na utani pia. "Chai hii imeonyeshwa sukari kwa mbali," ilisema kompyuta, naye mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Bintiye ndiye aliyebonyeza "Sasisha". Ujumbe wa kusasisha mfumo ulimsumbua wiki nzima kama nzi, akaona heri yaishe. Mfumo mpya ukaingia, kompyuta ikawaka vizuri, ila programu ya baba ya kusemea ikagoma. Ukiifungua, dirisha linachungulia kidogo, linatoweka.

Akazima, akawasha. Akaiondoa, akaiweka upya. Wapi! Baba alikaa kitini, kidole hewani, akingoja.

Kesho yake akaja fundi wa kompyuta, mtu mpole. Alijaribu hili na lile mpaka jua likahama dirisha.

"Dada, programu hii ni ya mfumo wa zamani. Walioitengeneza walishafunga kazi."

"Basi turudishie huo wa zamani."

"Njia ilikuwepo. Lakini faili za kuurudisha zimefutwa. Nani kazifuta?"

"Mimi. Diski ilijaa, ikaniuliza, nikakubali."

"Na sentensi zake?"

"Si zimo humo humo?"

"Ulipoiondoa programu, zilikwenda nayo."

Akasema hivyo kwa sauti ya chini, lakini mzee hakuwa kiziwi. Fundi akakunja nyaya zake, akaondoka bila kutazama nyuma.

Binti akachana katoni, akaandika herufi kubwa kubwa, akaiweka mapajani mwa baba. Kidole kikatambaa: A. C. H. A.

"Niache nini, Baba? Nisihangaike na kompyuta? Au nikuache wewe upumzike?"

Binti akakishika kile kidole, akakirudisha kwenye herufi. Kikateleza, kikaning'inia pembeni ya kiti.

"Baba, herufi moja tu."

Mzee alikuwa ameshafumba macho, akipumua taratibu.