Njia ya Kwenda kwa Hobart

Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba kesi hii ingemalizwa na mkasi wa kukatia vyuma. Kaka yangu anao mmoja mkubwa, na mnyororo wa Bwana Kessler haukuwa mnene kuliko kidole changu cha gumba. Lakini Shangazi Delphia hakutaka hata kusikia. Alisema makaburini hakuendwi kwa wizi, na yeye akipanda kumwona mumewe atapanda mchana kweupe, watu wakimtazama. Basi tukaenda mahakamani, maana kubishana na Shangazi Delphia ni kujichosha bure.

Makaburi yetu yako juu ya kilima, kwenye shamba ambalo si letu tena. Babu yake Shangazi aliliuza zamani, mwaka wa shida. Ardhi akaiuza, wafu akawaacha palepale, kwa kuwa wafu hawauzwi. Walionunua ni kina Rudd, wakakaa pale vizazi viwili, na hatukuwahi kukosana nao. Kila Mei, Jumapili ya mapambo, sisi wote tuliotapakaa kwenye milima hii ya Tennessee tunapanda kilimani na majembe, mafagio, maua na vyungu vya chakula. Tunang'oa magugu, tunapamba kila kaburi, hata la kichanga kilichokufa bila jina, mchungaji anasema maneno yake marefu, kisha tunatandika mashuka kwenye nyasi na kula mpaka watu wanalegeza mikanda. Hobart, mume wa Shangazi, amelala kule juu. Ubavuni mwake pameachwa nafasi ya mtu mmoja, na hakuna asiyejua ni ya nani.

Sasa njia ya kupandia inapita katikati ya nyumba na ghala la nyasi kavu, chini kabisa ya dirisha la jikoni. Ni njia ya zamani kuliko nyumba yenyewe. Kina Rudd walipouza na kuhamia mjini kwa watoto wao, akaja Bwana Kessler na mkewe kutoka Ohio, wastaafu wawili, wapole, wasio na watoto. Mke akafariki majira ya baridi ya kwanza, hata mapazia hajamaliza kuyatundika.

Mei ile ya kwanza Kessler alituacha tupite. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na binamu yangu Dwight, mpumbavu yule, nami humwita hivyo mbele yake, akapandisha pikapu yake kwa mbwembwe na kuuchimba uwanja wa mzee wa watu ungedhani nguruwe wamelala pale. Hakuomba hata radhi. Mei iliyofuata tukakuta mnyororo na kufuli. Kessler akatoka mlangoni, hakupandisha sauti. Alisema amekwisha kuuliza, na sheria inatupa haki ya kuwatembelea wafu wetu, ila haisemi lazima tupite chini ya dirisha lake. Iko njia ya nyuma, akasema, kupitia kijitoni.

Njia ya nyuma! Pale ni mwamba mtupu, mbuzi mwenyewe husimama akafikiri. Na Shangazi amekwisha kupita themanini, nyonga yake moja ni ya chuma.

Basi sisi wenye miguu tukapanda kwa nyuma na maua yake tu, majembe hayabebeki pale, yeye akatungoja ndani ya gari. Tulirudi tumechubuka magoti. Akauliza kama majani yamelifunika jiwe la Hobart, tukasema hata kidogo. Alijua tunamdanganya, nasi tulijua kwamba anajua. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Akawa anazungumza habari za kufa kwake kwa wasiwasi ambao hakuwa nao zamani. Kufa kwenyewe hakukumtisha. Alichoogopa ni kwamba jeneza haliwezi kupandishwa kwenye ule mwamba, na atazikwa mjini kati ya watu asiowajua, Hobart abaki peke yake kule juu. Hilo ndilo lililotupeleka kwa wakili.

Wakili wetu alikuwa binti mmoja aitwaye Maribeth Nunn, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Alitueleza kwa lugha ya kawaida, Mungu ambariki. Watu wakiitumia njia miaka na miaka kama haki yao, wasingoje kibali cha mtu, njia hiyo inakuwa haki yao kweli. Lakini wakiitumia kwa ruhusa ya mwenye ardhi, siku akiondoa ruhusa hawana kitu. Tulitikisa vichwa sote kwamba tumeelewa. Hatukuelewa lolote, kama mtakavyoona.

Siku ya kesi Shangazi alivaa gauni lake la bluu la kanisani na kofia. Alieleza vizuri mno habari za njia, jinsi babu zake walivyowapandisha wafu kwa ng'ombe na sleji ya mbao, lile gari la kuburuta lisilo na magurudumu, kabla gari halijafika milimani. Jaji Farris, mzee mwenye nyusi nene, alikuwa anamsikiliza kwa makini. Mimi moyoni nikajiambia tumeshinda, twende tukale.

Ndipo akainuka wakili wa Kessler. Hakumkaripia, alimwendea kwa ulaini.

"Bibi, ni kweli kwamba kila mwaka, kabla ya kupanda, ulisimama kwanza nyumbani kwa kina Rudd?"

"Ni kweli," akasema Shangazi.

"Ukiwa na keki?"

"Ya matufaha yaliyokaushwa, yenye tabaka nyingi. Bibi Rudd aliipenda sana."

"Na ulimwambia nini?"

Shangazi akajinyoosha kitini. Alijivunia jambo hilo, masikini. "Nilimwambia, 'Mnaturuhusu tupande?' Naye akasema pandeni, karibuni."

"Kwa hiyo uliomba ruhusa."

"Kila mwaka, bila kukosa. Sikulelewa zizini mimi."

Watu wakacheka. Maribeth hakucheka. Aliweka kalamu chini, na masikio yake yakawa mekundu. Nikamtazama, na hapohapo nikatambua tulilolifanya. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia habari za keki na lile swali la mlangoni, kwa sababu kwetu halihesabiwi. Mtu hapiti kwenye uwanja wa mwenzake bila kusema neno, ndivyo mama zetu walivyotufunza kabla hatujajua kufunga viatu. Wanasema kuuliza si ujinga. Siku ile kuuliza kwetu kote kukatugeukia.

Jaji akatoa mapumziko ya chakula. Kule ukumbini Maribeth akauliza, kwa upole wa mtu anayejizuia, kwa nini hatukumwambia. Shangazi akajibu kwamba hakuulizwa. Akasema pia kwamba aliapa kusema kweli, na hawezi kuapa kwamba hana adabu. Mimi nikaanza kumtukana wakili wa Kessler, na tai yake, na watu wote wa Ohio, mpaka askari wa mahakama akaja akasimama karibu yangu.

Kisha nikamwona Shangazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkate aliofungiwa haujaguswa.

"Reva," akaniambia, "nimemfungia Hobart mlango kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nilikaa karibu naye nikalia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Tuliporudi ndani, Maribeth aliomba kumwuliza Shangazi swali moja tu. Alisimama karibu naye, hakuwa na karatasi mkononi.

"Bibi Delphia, kama mwaka mmoja Bibi Rudd angesema hapana, ungefanya nini?"

Shangazi alimtazama kwa mshangao, akidhani labda mtoto huyu ana homa. "Ningemwachia keki yake barazani, nikapanda."

"Bila ruhusa yake?"

"Mwanangu, ruhusa ya nini? Mume wangu yuko kule. Nilimsalimu mwenye nyumba kwa sababu ana nyumba. Sikwenda kumwuliza kama mume wangu ni wangu."

Wakili wa Kessler akaruka juu. Akasema bibi hawezi kushika huku na kule, ama aliomba au hakuomba, na kiaponi amekwisha kusema aliomba. Nikajua jaji atamkubalia, maana kwa maneno makavu alikuwa na haki. Lakini Jaji Farris alivua miwani, akamgeukia Shangazi mwenyewe.

"Bibi, ukienda kwa binti yako, unaingiaje?"

"Napiga hodi, Mheshimiwa."

"Na nyumbani kwako, zamani, mumeo akiwa ndani?"

"Nilipiga hodi pia. Hobart alikuwa na tabia ya kuoga na kuacha mlango wazi."

Mahakama nzima ikaangua kicheko, hata yule askari. Kessler mwenyewe niliona bega lake likitikisika, nami nikamchukia kidogo kwa kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeazimia kumchukia kwa kila kitu. Jaji hakucheka. Aliandika kitu, akasema atatoa hukumu majuma machache baadaye.

Majuma yale yalikuwa mabaya. Shangazi hakula vizuri. Alianza kugawa vitu vyake, sufuria kwa huyu, blanketi la viraka kwa yule, na mimi nikavirudisha vyote kwake kwa ukali, nikimwambia hajafa bado na sufuria za watu hazirithiwi kabla ya wakati.

Siku ya hukumu jaji aliisoma polepole. Sikuelewa kurasa za mwanzo, mambo ya kesi nyingine za watu wengine. Kisha akafika pale tulipopangoja. Akasema njia hii ilikuwapo kabla ya shamba kuuzwa, na wafu wenyewe ndio walioifungua. Akasema mtu akipiga hodi hajasema kwamba nyumba si yake. "Katika milima hii," akasoma, "watu huombana hata kile ambacho hawawezi kunyimwa. Mahakama hii haitamwadhibu mtu kwa sababu alilelewa vizuri." Mnyororo utolewe. Familia ipite kwa njia ile kuwatembelea wafu wake na kuwazika, mchana, gari moja kwa wakati mmoja. Na Dwight, akatajwa kwa jina mbele ya kadamnasi, akaufukie uwanja wa Bwana Kessler kwa mikono yake mwenyewe na kupanda nyasi upya. Hiyo niliifurahia karibu sawa na ile nyingine.

Shangazi hakushangilia. Aliniuliza tu kama amesikia sawasawa, kwamba hata kuzika. Nikamwambia ndiyo, hata kuzika. Akashusha pumzi ndefu, akasema basi sasa ana njaa.

Maribeth alituonya kwamba Kessler anaweza kukata rufaa. Tukangoja. Hakukata. Dwight alipokwenda kufukia yale mashimo alisema mzee alimletea maji ya kunywa, akasimama kumtazama akifanya kazi.

Mei ilipofika nikampandisha Shangazi kwa gari langu, taratibu, mpaka juu. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni kwenye kaburi la Hobart. Alikataa tumsaidie. Alikaa kwenye kiti tulichomletea, akazing'oa zile alizozifikia, moja moja, na huku anamsimulia habari zote: nani amekufa, nani ameoa vibaya, jinsi alivyowekwa kizimbani kama mwizi wa kuku. Halafu akalaza kiganja chake juu ya jiwe na kukiacha pale. Nilikwenda kushughulika na vyungu.

Tulikuwa katikati ya kula, kuku wa kukaanga na maharagwe na mkate wa mahindi, nilipomwona Bwana Kessler anapanda kwa miguu. Shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Alisimama ukingoni mwa makaburi, hakuingia. Dwight akaacha kutafuna. Mimi nikasema moyoni, haya, amekuja kuhesabu magari, na nikaanza kuyapanga maneno ya kumwambia.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Shangazi. Akasema mkewe, Lorna, bado yuko ndani ya nyumba, majivu yake yamo kwenye kisanduku juu ya kabati la chumba cha kulala. Kule Ohio hawana mtu tena wa kumtembelea. Akasema miezi ile ya mwisho Lorna alipenda kukaa jikoni akikitazama kilima hiki, na aliposimuliwa habari za mapambo ya Mei alimwambia kwamba watu wa huku wana bahati, kila mwaka kuna anayewakumbuka. Akaigeuza kofia mikononi.

"Nilikuwa nauliza," akasema, "kama mngeniruhusu nimlete hapa."

"Ardhi ni yako, Bwana Kessler," akasema Shangazi.

"Ardhi, ndiyo. Makaburi si yangu."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyapanga vizuri. Sijui yalikwenda wapi. Shangazi alisogea kwenye shuka na kupapasa nafasi kando yake.

"Kaa ule kwanza," akamwambia. "Kisha utuambie Lorna alipenda maua gani, maana Mei ijayo tutakuwa naye wa kumpamba."

Mzee akakaa. Nikamchukulia sahani, nikampa paja la kuku lililokuwa langu.