Kiti cha Imeshuka

Makofi yale niliyaanzisha mimi. Nasema mapema kwa sababu wenzangu wa kikundi wana huruma ya kijinga. Ukiwauliza watakwambia yalianza tu, kama mvua inavyoanza. Hayakuanza tu. Niliyaanzisha mimi, Walburga, mkulima wa kahawa, mwenyekiti wa kikundi cha wagonjwa wa kisukari hapa Mbinga, mwanamke niliyezaliwa na mdomo mkubwa kuliko akili. Na yaliyompata Ida yalitoka kwenye makofi hayo.

Tulikuwa watu kumi na tisa. Tulikutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwenye banda la nyuma ya kliniki, kabla daktari hajaanza kuita majina. Nesi Devotha alikuja na mashine yake ndogo, akatutoboa vidole, akasoma namba kwa sauti, akaandika kwenye kadi. Mwanzoni ilikuwa kama matanga. Mtu anasomewa namba yake, anainamisha kichwa, anarudi kwenye benchi kama mwizi wa kuku. Nikasema hapana, ugonjwa huu ni wa maisha, hatuwezi kuuishi kwa nyuso za msibani. Nikamwomba Mzee Othmar, seremala mstaafu aliyekwisha kukatwa vidole viwili vya mguu, atutengenezee kiti kimoja kizuri, chenye mikono na mto. Kisha nikatunga sheria. Ambaye sukari yake imeshuka kuliko mwezi uliopita tunampigia makofi matatu, na anakalia kiti mpaka kikao kiishe. Ambaye imepanda anachukua ufagio, anafagia banda.

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kikundi kikapata jina bila kubatizwa: Imeshuka. Nikipita sokoni nilisikia, "Mama Imeshuka, shikamoo!" Nesi Devotha peke yake ndiye aliyekunja uso. "Mama Walburga," alisema, "sukari kushuka si sifa kila mara. Ikishuka mno inaua haraka kuliko ikipanda." Nikamjibu mbele ya watu kwamba hapa Mbinga bado sijamzika mtu aliyekufa kwa kukosa sukari. Wakacheka tena. Nilipenda sana watu wakicheka kwa maneno yangu.

Nisiwe mwongo, tulikuwa tukisaidiana pia. Aliyeishiwa stripu za kupimia alipewa na mwenzake. Harusini tulikwenda watatu watatu, tukakaa meza moja, tukakaziana macho soda zilipopita. Na kila kikao tulivua viatu tukakaguana nyayo, maana mguu wa mtu mwenye kisukari unaweza kuchomwa na msumari asubuhi na mwenyewe akaugundua jioni, akiona damu. Bingwa wa kukagua miguu alikuwa Ida.

Ida alitoka mwambao wa ziwa, kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay. Mwanglikana, mwimba kwaya, mke wa mvuvi aitwaye Hamphrey. Miaka arobaini na miwili, mwembamba, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Yeye alikuwa wa sindano. Kwao hakuna friji, kwa hiyo insulini yake aliihifadhi kwenye chungu chenye mchanga uliolowanishwa, chini ya kitanda, na mchanga ule aliumwagilia kila asubuhi kama mche wa kahawa. Siku moja kabla ya kliniki alipanda Mbinga akalala kwangu. Hakuja mikono mitupu. Alileta usipa wakavu, dagaa wa ziwani, kwenye kikapu, akaondoka na maharage yangu. Akifika bandani alipiga magoti mbele ya Mzee Othmar, akaushika ule mguu wenye vidole vitatu, akaugeuza kwenye mwanga taratibu kama anachambua mchele.

"Vipi, mwanangu?" mzee anauliza.

"Uko salama, babu. Mguu huu bado una ngoma za kucheza."

Lakini sukari ya Ida mwenyewe ilikuwa haishikiki. Machi ilipanda. Aprili ikapanda. Mei ikapanda. Miezi mitatu mfululizo alishika ufagio, nami nimekaa hapo pembeni namtania: "Ninyi watu wa ziwani, ugali wa muhogo utawamaliza. Mnakula kama mnapakia mtumbwi!" Machi na Aprili alinijibu, "Aliye juu mngoje chini, mama," na banda zima likacheka. Mei alifagia hata zile kona ambazo hazifagiwi, akauegemeza ufagio ukutani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi mama, kile kiti mimi nitakikalia lini?"

Nilidhani anatania.

Na huyo ndiye aliyekuwa ameniokoa mimi. Ilikuwa Julai ya mwaka uliotangulia, msimu wa kuchuma kahawa. Nilimeza vidonge vyangu alfajiri nikaingia shambani bila kula, kwa uchu wa kumaliza mistari miwili kabla ya jua kali. Ida alikuwa amebaki kwangu baada ya kliniki, akanifuata kunisaidia kuchuma. Ninachokumbuka ni vidole kutetemeka na kahawa kumwagika. Jasho la baridi likanitoka, nikaanza kuwatukana wachumaji kwa maneno ambayo mpaka leo wananikumbusha. Ida akapiga yowe, "Sukari yake imeshuka! Leteni kitu kitamu, imeshuka!" Mtu akampa kipande cha muwa. Nilikuwa siwezi tena kutafuna, kwa hiyo alikitafuna yeye, akanikamulia maji yake mdomoni kidogo kidogo, kama njiwa na kinda lake. Niliamka kichwa changu kiko mapajani mwake.

Neno alilopigia yowe siku ile ni lile lile la kikundi. Imeshuka. Hakuna aliyepiga makofi. Nililisikia kwa masikio yangu na bado sikujifunza kitu.

Sasa Juni. Jumatano Ida hakufika kwangu. Nikadhani amekosa usafiri. Alhamisi saa mbili asubuhi tumekwisha kukaa bandani, Nesi Devotha bado hajatoka wodini, simu yangu ikaita. Alikuwa Hamphrey.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mkeo yuko wapi? Ufagio unamsubiri!"

Watu wakacheka. Hamphrey ni mtu mpole, mwenye kuongea kama anaomba radhi. Akasema, "Hatafika leo, mama. Amelala. Nimempima mwenyewe na ile mashine, kama mlivyonifundisha. Sukari imeshuka. Imeshuka sana, ni…"

Sikumwacha amalize. Alikuwa anataka kutaja namba, nami nikamkata kauli. Niliweka simu kwenye spika nikainyanyua juu. "Rudia hapo, baba, wenzake wasikie!"

"Sukari ya Ida imeshuka sana," akasema Hamphrey.

Banda likalipuka. Makofi matatu, tena matatu, vigelegele, Mzee Othmar anagonga fimbo yake kwenye saruji. Mtu akakifuta kiti vumbi kana kwamba Ida yuko mlangoni. Ndani ya kelele zile nikasikia Hamphrey anasema kitu, nikaiweka simu sikioni.

"Nasema anatoka jasho sana, mama. Nguo zote zimelowa."

Sisi wa milimani tunalala na mablanketi mawili mwezi wa Juni, na utani wetu kwa watu wa ziwani ni mmoja tangu enzi za babu zetu. Ukawa umenijia mdomoni kabla ya akili. "Huko ziwani nani hatoki jasho?" nikasema. "Mwache apumzike."

"Kwa hiyo ni vizuri?"

"Vizuri kabisa, baba! Mwambie kiti chake kinamngoja."

Akashukuru. Nimesema akashukuru, nataka ieleweke. Alinishukuru, akamfunika mke wake kanga, akaufunga mlango kwa nje ili watoto wasimsumbue, akaenda kuvuta nyavu.

Nesi Devotha aliingia saa tatu na nusu. Nikamwambia kwa majivuno, kama niliyemtibu mimi, "Nesi, leo Ida ametutoa kimasomaso. Imeshuka sana!"

"Imefika ngapi?"

"Namba sikuipata."

"Umeongea naye?"

"Amelala. Mume wake anasema anatoka jasho tu."

Sitausahau uso wake. Hakunigombeza. Aliuliza, "Anatoka jasho, na amelala?" Kisha akaninyang'anya simu mkononi. Namba ya Hamphrey haikupatikana. Majini hakuna mtandao. Akapiga zahanati ya kijijini kwao, ikaita ikakatika, akapiga tena. Mganga wa zamu akatoka na pikipiki. Bandani watu walikuwa wamesimama, viatu mkononi, hakuna anayemtazama mwenzake. Kiti kilikuwa katikati na mto wake.

Walimkuta saa tano kasoro. Mashine ilikuwa pale juu ya ndoo, bado inakumbuka kipimo cha asubuhi: mbili nukta moja, na mtu hatakiwi kushuka chini ya nne. Alipopimwa upya haikusoma namba yoyote, sukari ilikuwa chini mno. Walimtundikia dripu ya sukari, wakampeleka hospitali, akakaa siku ishirini na sita. Akafumbua macho. Daktari alieleza kwamba ubongo unakula sukari na kitu kingine hauna. Ida alikaa na njaa ya ubongo muda mrefu mno, na kilichokufa hakifufuki.

Baadaye ndipo Hamphrey alinisimulia siku mbili zile. Jumanne Ida aligoma kula. Jumatano akagoma tena, akanywa maji tu, na sindano akajichoma kama kawaida, jioni akaongeza kidogo. Hata kuja kulala kwangu hakutaka, alijua ningemlazimisha kula; alipanga kupanda na basi la alfajiri. Hamphrey alipomwekea ugali aliusogeza pembeni akamwambia, "Mwezi huu sifagii."

Kuna wanaoniambia ni mapenzi ya Mungu. Katekista wetu amenijia mara mbili na maneno hayo. Nimemwambia asimsingizie Mungu. Siku ile Mungu hakuwa na simu, nilikuwa nayo mimi. Mzaha mzaha hutunga usaha, tuliimbishwa shuleni, na mimi ndiye niliyekuwa naimbisha wenzangu. Ida alinitafunia muwa, nami nikamlipa kwa vigelegele. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hashangilii akimpiga mtu.

Kikundi bado kipo. Namba zinasomwa kimyakimya, kila mtu na yake. Mzee Othmar alikipasua kile kiti kwa shoka, yeye mwenyewe aliyekitengeneza, na mguu wake siku hizi anaukagua nesi. Uenyekiti nimeuacha. Walinisihi nibaki, ndiyo ile huruma yao ya kijinga.

Agosti nilishuka ziwani. Nilichukua maharage debe moja na stripu za kupimia tulizochangishana, nikamkuta Hamphrey nje ya nyumba anageuza usipa juu ya chanja. Amekonda. Haendi tena kuvua mbali, kwa sababu Ida haachwi peke yake; anaweza kuingia majini na nguo zake. Alinitolea kiti, kiti chenyewe kimoja cha mbao, akakifuta kwa shati lake. Ida alikuwa ameketi mkekani, nywele amesukwa vizuri na jirani, mikono iko mapajani. Nilipiga magoti nikamsalimu. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa mtu mwingine.

"Chungu cha dawa nakimwagilia mimi sasa," Hamphrey akaniambia. "Na namlisha kwanza, ndiyo nachoma. Nimeshika utaratibu."

Hakunilaumu hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nayo yangenisaidia. Alikwisha kusema siku moja tu, pale hospitalini, bila hasira, "Ulisema vizuri, mama," na hakurudia.

Nikamuuliza biashara ya usipa inakwendaje. Akatikisa kichwa, akaokota samaki mmoja chini akamrudisha kwenye chanja.

"Mbaya, mama. Wanunuzi wamepungua, bei imeshuka."

Pa, pa, pa.

Yalikuwa makofi matatu, yenye nafasi sawasawa, kama tulivyokuwa tukiyapiga bandani. Ida alikuwa ameinuka mkekani. Akaja akasimama mbele yangu, anatazama mikono ya kiti nilichokalia, anangoja.

"Hivyo ndivyo anavyofanya," Hamphrey akasema. "Neno lile tu. Akilisikia anapiga makofi, kisha anakitafuta kiti. Maneno mengine yote yamempotea. Nimemuuliza daktari, naye hajui ni nini. Wewe unajua, mama?"

Niliinuka, nikampisha. Ida akakaa, akanyoosha mgongo, akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka.

"Najua," nikamwambia Hamphrey. "Kaa hapa mkekani nikueleze."