Sekunde za Kompyuta Yangu

Nilifika kanisani nikihema, nikakuta mlango una kufuli. MaNcube, kiongozi wa kwaya yetu pale Luveve, hana huruma na wachelewaji, kwa hiyo nikadhani wameshaanza na wamenifungia nje. Nikatega sikio. Kimya. Nikatoa simu kwenye pochi: kumbe mazoezi bado karibu nusu saa. Nikakaa kwenye ngazi kuwasubiri, huku nikijiuliza. Nyumbani nilikuwa nimeangalia saa ya kompyuta, ile ya pembeni mwa skrini, na ilisema nimechelewa.

Kompyuta yenyewe ni yangu. Natengeneza katuni za watoto kwa Kindebele, na mashine ile huzikamilisha picha moja moja kwa mwendo wa kinyonga. Siku hiyo kaka yangu Mqondisi alikuwa ameshinda nayo tangu asubuhi. Aliniahidi ataisukuma prosesa, ule ubongo wake, ikimbie kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani.

Mazoezi yalipokwisha nikarudi mbio. Nilimkuta sebuleni na rafiki yake Bhekimpilo, wanakunywa mahewu, togwa yetu ya mahindi, nyuso mbili tofauti kabisa: mmoja kanuna, mwingine anafurahi.

"Imekubali?" nikauliza.

"Imegoma, dada. Nimeisukuma weee, lakini programu ya kupima kasi inaniletea jibu lilelile la asubuhi. Gigahezi tatu na nusu. Haisogei hata kidogo!"

"Si nilikwambia?" Bhekimpilo akadakia. "Ulichoongeza ni kelele tu. Sikia hiyo feni, kama lori linapanda mlima! Kaka, achana na kompyuta, fungua kiwanda cha upepo."

"Nyamaza wewe. Ya kwako hata kuwaka inahitaji maombi."

Niliweka mkono nyuma ya sanduku la mashine. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kama ya tanuri. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Kama haifanyi kazi zaidi ya asubuhi, joto lote hili linatoka wapi?

"Halafu mashine yenu imenipeleka kanisani watu bado wako makwao," nikasema. "Saa yake inakimbia."

"Betri ya saa imekufa," Bhekimpilo akasema.

Mqondisi akatikisa kichwa. "Betri ikifa saa inarudi nyuma. Haitangulii." Akaweka kikombe chini. Akasogea kuiangalia ile saa, kisha akaangalia simu yake, kisha tena saa.

"Ngoja," nikamuuliza. "Hiyo programu ya kupima, inajuaje kwamba sekunde imepita?"

"Inaiuliza kompyuta."

"Na kompyuta inajuaje?"

Akaigeukia skrini. "Inahesabu mapigo yake yenyewe," akasema polepole. "Na mapigo hayohayo ndiyo niliyoyaharakisha tangu asubuhi."

"Kwa hiyo sekunde yake imekuwa fupi."

"Imekuwa fupi! Inafanya kazi nyingi zaidi, lakini inajipa muda mdogo wa kuzifanya, ndiyo maana jibu halibadiliki! Bheki, toka hapo kwenye kiti!"

Tukafungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu yangu, na nyingine kwenye kompyuta. Mqondisi akazianzisha pamoja. Tukainama sote watatu, hata Bhekimpilo akasahau kutania. Mwanzoni zilikwenda sambamba, kisha ile ya kompyuta ikaanza kuponyoka. Simu ilipotimiza dakika moja, kompyuta ilikuwa mbele kwa sekunde tano hivi.

Mqondisi akapiga hesabu kwa sauti. "Ni karibu gigahezi tatu nukta nane! Ilikubali zamani, sisi ndio hatukujua!" Akanikumbatia nusura aniangushe.

Lakini mimi nilitaka kuona kwa picha zangu. Nikaichagua moja niliyoijua vizuri, kiboko anayepiga mswaki, nikaiambia mashine iitengeneze huku simu ikipima. Kweli, ilimaliza mapema kuliko nilivyozoea. Tukarudia. Mara ya pili, mapema vilevile. Mara ya tatu tukangoja, tukangoja. Ikachelewa kuliko hata kabla haijaguswa.

"Haya, bingwa," Bhekimpilo akacheka. "Na hiyo ndiyo gigahezi ngapi?"

Mqondisi hakukasirika. Alikuwa ameinama anasikiliza feni, macho yanang'aa. "Imepata joto kupita kiasi. Inajizuia yenyewe isiungue. Kwa hiyo kasi yake ya kweli siyo moja. Kuna ya kuanzia, na kuna ya kukaa nayo."

Tukaizima, tukafungua ubavu, tukatoa vumbi kwa brashi yangu ya rangi. Ilipopoa akaiwasha tena, safari hii kwa msukumo mdogo, na tukampima kiboko tena na tena mpaka tukapata kiwango ambacho mashine ilikishikilia bila kulegea. Hakikuwa kile alichokishangilia, lakini kilizidi cha kiwandani, na wiki ile nilimaliza katuni yangu mapema.

Bhekimpilo alipokuwa anaaga, akasimama mlangoni, kikombe bado mkononi.

"Lakini dada, hiyo simu yako je? Nani aliyeipima?"

Mqondisi akanigeukia. "Lete simu," akasema. "Na wewe Bheki, toa ya kwako. Rudi ukae."