Karatasi Chini ya Birika la Mzee Pang

Ukimwonya mtoto, mwonye mpaka mwisho. Onyo la nusu ni baya kuliko kunyamaza. Mama Qiu, mtumishi wa nyumbani katika mji wa Kichina wa Liuqiao, aliyajua hayo asubuhi ya siku ya mosi ya mwezi, alipoingia chumbani kwa Bibi Ke kufuta meza, akakuta sakafu tupu, imefagiwa inang'aa.

Bibi Ke, kama wenyeji walivyomwita, alikuwa Mmarekani, mwandishi wa riwaya. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa mjini pale, anakula uji wa mchele na mboga za chumvi kama wenyeji, na vitabu vyake vyote vilikuwa vya watu wa pale pale: wakulima, wajane, wakwe wakorofi. Aliandika kwa kalamu yenye wino mwingi, na kila karatasi akaitandaza chini ikauke. Nakala nyingine hakuwa nayo. Sura tano za mwisho, kazi ya mwaka mzima, zilikuwa zimelala pale sakafuni, na kesho yake zilikuwa zipande meli ya posta.

"Lianzi! Karatasi za Bibi ziko wapi?"

Binti yake wa miaka kumi na sita, siku yake ya tatu tangu atoke kijijini kuja kumsaidia, alitokea jikoni akitabasamu. "Nimeziokota zote, Mama. Hata moja sijaikanyaga. Nimempa Mzee Pang."

Mama Qiu akashika ukuta. Tangu mtoto huyu anatambaa alimwimbia wimbo mmoja: maandishi hayakanyagwi, hayafungiwi karanga; anayeyadharau atapofuka. Na Mzee Pang kazi yake ndiyo hiyo, kupita na kapu la mianzi akikusanya karatasi zilizoandikwa. Kila siku ya mosi na ya kumi na tano ya mwezi, adhuhuri, huzichoma kwa heshima katika tanuru la hekalu la mungu wa maandishi, na majivu akayapeleka mtoni.

Leo ni mosi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa.

"Nani alikutuma uziguse?"

"Wewe ulisema nisizikanyage!"

"Nilisema usizikanyage, sikusema uzigawe!"

"Sasa ningefagia vipi, Mama? Niruke kama chura?"

Bibi Ke alikuwa sokoni kununua kamba ya kufungia kifurushi chenyewe. Akirudi, atafunga nini? Na huyu mtoto, nani tena atampa kazi nyumbani kwake?

Wakatoka mbio. Miguu ya Mama Qiu ilifungwa vitambaa tangu utotoni, midogo kama viazi, akawa anakanyagia visigino huku Lianzi amemshika kwapani.

"Dada Qiu!" muuza tofu akapiga kelele. "Mama mkwe wako amefufuka nini?"

"Afadhali angekuwa yeye!"

Hekaluni moshi ulikuwa unatoka tanuruni, mweupe, mwingi. Kapu la Mzee Pang lilikuwa tupu. Mama Qiu akaketi kwenye ngazi bila kuambiwa. Mzee mwenyewe alikuwa anakunywa chai na mlinzi wa hekalu, Bwana Lü.

"Karatasi za Bibi," Mama Qiu akauliza. "Umeshazichoma?"

"Yale makwaruzo ya kuku? Yametugombanisha tangu asubuhi. Lü anasema ni maandishi. Mimi nasema kuku kakanyaga wino. Nikichoma yasiyo maandishi, nimelichafua tanuru la mungu. Nikiyatupa, kumbe ni maandishi, macho yangu kwaheri. Nimeweka birika juu yake, nasubiri mwenye akili."

Mama Qiu akaziona: fungu zima, chini ya birika.

"Basi wewe unakaa na Mmarekani," Mzee Pang akaendelea. "Sema. Ni maandishi ama si maandishi?"

Alitaka kusema si maandishi, ayabebe aondoke. Lakini mungu alikuwa pale nyuma ya mlango na kalamu yake mkononi, na uongo mbele yake haukumtoka.

"Ni maandishi."

"Haya. Yameokotwa chini, na leo ni mosi." Mzee Pang akainuka. "Kanuni ni moto."

Lianzi akaangua kilio.

"Kaa chini, mzee!" Mama Qiu hakujua nguvu ilitoka wapi. "Kinachochomwa ni kilichokwisha kazi. Hizi hajazisoma mtu. Utamchoma mtoto yuko tumboni?"

"Zinasema nini hata zisomwe?"

Mama Qiu hakujua kusoma hata jina lake. Lakini kila jioni Bibi Ke humsomea akifasiri kwa Kichina, amsahihishe: Mama Qiu, mama mkwe wa huku angetukana hivi? Basi akasimulia mpaka pale alipokwisha kusomewa. Mwanamke wa mashamba ya miforosadi, mume kamkimbia kwenda kusini. Mwaka wa mafuriko anaficha mbegu za ngano ndani ya mto wa kulalia wa mama mkwe wake, na yule bibi, ambaye humtukana asubuhi na jioni, anazilalia bila kujua. Kisha mume anarudi. Amesimama mlangoni na mke mwingine. Bibi kizee ananyanyuka kitandani, anaushika ule mto...

Akaishia hapo.

"Kisha?" Mzee Pang akauliza.

"Kisha sijui. Umeweka birika juu yake."

Bwana Lü alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mzee Pang akaliondoa birika polepole, akaifuta karatasi ya juu kwa mkono wa joho, akazitoa zote kwa mikono miwili. "Mwambie Bibi wako, yule mume asirudishwe bure bure."

Walimkuta Bibi Ke kizingitini na kamba yake. Mama Qiu alieleza yote, hakuficha. Bibi Ke akazihesabu karatasi, zimetimia, akaona duara la birika kwenye ile ya juu, akakaa pale pale chini akicheka na kulia pamoja. "Duara litakwenda Amerika hivi hivi," akasema. "Lianzi, niletee chai. Na mama yako umletee."

Mama Qiu alipomeza funda la kwanza ndipo alipomalizia onyo lake. "Maandishi ya mtu usiyakanyage. Usiyaokote. Usimpe mtu. Uliza kwanza."

"Na kufagia?"

"Fagia kandokando, mwanangu. Katikati mwachie mwenyewe."

Kesho yake, kapu la mianzi likasimama mlangoni.

"Dada Qiu! Leo sitaki karatasi. Niambie tu, ule mto aliutupa au alimpiga nao?"