Mpira Sikioni

...na kama kuna kibovu hapa basi ni huu mpira wa kusikilizia injini, maana haiwezekani injini ivute hewa pasipostahili, itetemeke mpaka kijiti kinachoshikilia boneti kicheze, halafu mpira usimletee sikioni hata mluzi mmoja, mpira gani huu, mpira ulikuwa ule wa zamani, hii ya siku hizi ni plastiki tu iliyopakwa rangi nyeusi... Fundi akauchomoa, akaupuliza, akalikodolea macho tundu lake, akaurudisha sikio la kulia na ile ncha nyingine akaipitisha polepole kando ya kabureta ya kwanza, kabureta ya pili, ukingo mzima wa gasketi, wapi, ngurumo tupu, na yeye ndiye Fundi Sikio, jina hakujipa, alipewa na wateja enzi zile alipokuwa akikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa gereji, gari linapita zake barabarani naye anamfokea dereva, wewe, plagi ya tatu imekufa, dereva anasimama, anafungua, kweli imekufa, leo gari hili kuukuu la spoti, milango miwili, analolijua kuliko mifuko ya suruali yake, linamfanyia kiburi mbele ya mwenyewe, na mwenyewe, kinyozi, amesimama kando ya meza ya spana, mikono mfukoni, midomo inacheza, "...mzee, mimi nilikuwa... ng'ambo... si unajua..." na kabla hajamaliza, mke wa Fundi kule kwenye cherehani ameshadakia, kwa sauti ya kuitia mbuzi, "Anasema ng'ambo ya barabara wana mashine ya moshi!" "Nimesikia! Kwani mimi kiziwi? Na usinimalizie maneno ya watu tena!" kwa sababu hilo ndilo linalomchoma kuliko yote, tangu mwanamke huyu ahamishie cherehani yake kwenye kona ya gereji, eti nyumbani kuna joto, mteja hajafunga mdomo yeye ameshayarudia yote, kasuku mtupu, anasema gari linachemka, anasema atapita jioni, anasema ahsante, tabia hii hakuwa nayo, ujanani alikuwa mtu wa kunyamaza mpaka umbembeleze... na watu nao, nani kawafundisha kunong'ona, mtu mzima na ndevu zake anaongea kama aliyeficha mwizi chumbani, mtangazaji wa redio ananong'ona na mshahara anapokea, ukiongeza sauti jirani anagonga ukuta, na binti yao, binti aliyemzaa mwenyewe, amethubutu kumwambia mbele ya mumewe, baba, twende tu ukapimwe masikio, yapimwe masikio yaliyomsomesha! Na hiyo mashine ya moshi, jamani, injini imekuwa chumba cha mbu hata ifukizwe, wanajaza moshi halafu wanakaa kutazama unatokea wapi, kazi ya macho hiyo, hata mpita njia anaiweza, lakini kinyozi akivuka barabara leo na gari hili, kesho watavuka wote, watasema Sikio kazeeka, na gereji hii bila sikio lake ni banda la vyuma chakavu, afadhali alifunge mwenyewe kuliko kufungiwa... akahamishia mpira sikio la kushoto, akainama mpaka joto la injini likampiga shavuni, hakuna kitu, mvumo tu, mvumo kama wa... "Zima hiyo redio!" akafoka, na mkewe akainua waya wa redio, umechomolewa ukutani tangu saa ngapi sijui, kinyozi akatazama viatu vyake, na hiyo ndiyo dharau yenyewe, kutazama viatu, mwanaume mwenzako akikosea mcheke, mtukane, si kumtazamia viatu... mkewe akainuka, uzi bado umemning'inia begani, akaja mpaka pembeni yake, na safari hii hakupiga kelele, aliuweka mdomo karibu kabisa na shavu lake, "Mzee wangu, kuna kitu kinafyonza huku nyuma. Kinafyonza tangu ulipowasha." Akataka kumuuliza cherehani na kabureta zimejuana wapi, lakini kidole chake mama huyu kilishafika, nyuma ya injini, kwenye ule mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, kile chombo kinacholainisha breki, na breki... asubuhi si ndiyo kinyozi alisogeza midomo na mkewe akasema, anasema breki imekuwa ngumu, naye akapunga mkono, breki baadaye, tuanze na injini... akapitisha mkono chini ya ule mpira, akapapasa tumbo lake, akakutana na ufa, na ufa ukamnyonya kidole, kwa nguvu, kama ndama, na chini ya kiganja chake cha pili, juu ya bodi, injini ikatulia. Akatoa kidole, ikatetemeka. Akarudisha, ikatulia. Akatoa tena, akaileta ncha ya mpira wake mpaka mdomoni mwa ufa wenyewe, ncha nyingine sikioni, akabana pumzi... wala si mluzi, wala si mnong'ono, wala si chochote.

Basi si mpira wa sikioni. Basi wamesikia, wote wawili, tangu alipowasha, kinyozi amesikia na akaona heri atazame viatu, na wateja wangapi wengine wamesimama hapo hapo wakisikia, ndiyo mzee, sawa mzee, wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nani aliwaomba heshima ya namna hiyo, heshima gani ya kumwacha mtu apapase gizani mchana kweupe, hasira zilimpanda, akamgeukia mkewe amwambie, na wewe, na wewe pia... na macho yake yakaangukia cherehani kule kwenye kona, chini ya bati, bati ambalo jua likishalipiga huwezi kuligusa. Joto gani la nyumbani. Nyumbani kuna dari, kuna kivuli cha ukuta wa jirani, na mwanamke mwenye akili zake amebeba cherehani ya chuma kulikimbia joto na kuja kukaa chini ya bati, anasema gari linachemka, anasema atapita jioni, anasema, anasema, amekuwa akimtilia maneno sikioni moja moja kama anavyotia uzi kwenye sindano, na yeye akimgombeza mbele ya watu, kasuku, na kasuku ameinamisha kichwa akaendelea kushona... hasira bado ilikuwepo, tele, ila haikujua tena impige nani. Injini ilikuwa inanguruma vilevile. Kinyozi akafungua midomo, akasema kitu, kirefu, akasubiri jibu, na mkewe, aliyekatazwa, akanyamaza, anautazama ule ufa. Fundi alirudisha kidole mahali pake, akahisi kinanyonywa.

"Mama," akasema, bila kumtazama, "amesemaje?"