Vigae vya Rumonge

Turubai la buluu lilikuwa limekunjwa pande nne na kuwekwa juu ya ukuta wa ua, na tofali juu yake lisipeperuke. Hilo ndilo lililomshtua Égide kwanza. Kama lingekuwa limeibwa, asingeshangaa sana. Johannesburg ilikwisha kumzoesha kupoteza vitu. Lakini mwizi hakunji turubai. Kando ya mlango wa jikoni, mahali lilipokaa lile kasha refu la mbao tangu siku walipohamia Mayfair, kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani, misumari yake imeng'olewa mmoja mmoja na kutiwa kwenye kopo la majani ya chai. Ndani ya kasha mlibaki magazeti matupu.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Julai, mwaka 2012, saa tisa alasiri. Alikuwa amerudi mapema kwa kuwa tajiri wa Houghton anayemfanyia kazi alikuwa na wageni. Baridi ilikuwa ile kavu ya nyanda za juu, inayopasua midomo na kuyageuza majani kuwa rangi ya kamba. Égide alisimama uani huku mfuko wa vifaa ukimvuta bega, akasikiliza. Kutoka ndani ilisikika nyundo ya mpira ikigonga polepole, tena kwa uangalifu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

Égide alikuwa fundi wa vigae. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepiga magoti katika mabafu ya watu, mengine mapana kuliko nyumba aliyozaliwa. Kila kazi ilipokwisha, vigae kadhaa vilibaki, na wenye nyumba walimwambia avichukue au avitupe. Hakuvitupa. Alivichagua vilivyo bora, akavifunga kwenye magazeti na kuvilaza ndani ya kasha. Vilikuwa vya Rumonge. Huko kwao, kwenye mteremko unaoangalia ziwa Tanganyika, ndugu yake Fiacre alikuwa akimsimamia ujenzi wa nyumba ambayo kuta zake zilifika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, miaka mitano iliyopita na kusimama hapo. Bafu lake alilipanga upande wa magharibi, dirisha likitazama maji, ili mtu anapojimwagia asubuhi aione milima ya Kongo ikijitoa katika ukungu. Hakuwa ameingia humo hata siku moja, kwa kuwa halikuwapo. Lakini alilijua kuliko chumba chochote alichowahi kukijenga.

Bafu la nyumba wanayoishi alilijua kwa nyayo za miguu tu. Liliingia watu wawili wakibanana. Zulia la plastiki lilikuwa limejikunja pembeni, rangi ya ukuta ilibambuka kama ngozi ya mgonjwa, na wiki mbili nyuma mkewe aliteleza akitoka kwenye hodhi, akaumia nyonga. Égide alimwambia ataangalia. Mwenye nyumba, ajuza asiyekuja ila mwanzo wa mwezi, alikuwa amesema siku nyingi kwamba wakitaka kukarabati chochote, ruhusa wanayo.

"Usikanyage," sauti ya mkewe ilimwambia kabla hajauona uso wake.

Vestine alikuwa ameketi ndani ya hodhi kavu, amevaa suruali kuukuu ya mumewe, kitambaa kichwani, mwiko mkononi, vigae vilivyosalia vimerundikwa nyuma ya mgongo wake. Kati yake na mlango, sakafu yote ilikuwa imejaa vigae. Vya kijani, vyeusi, vya rangi ya mchanga, vyenye maua ya buluu, vyenye pembe sita. Vya nyumba ishirini vimelazwa bega kwa bega. Ukingoni mwa hodhi tu palibaki kipande kitupu, upana wa kanga iliyokunjwa.

Égide alifungua kinywa ili aseme neno moja, likatoka jingine.

"Umeanzia mlangoni."

"Najua," alisema Vestine. "Nilijua nilipofika huku."

"Umo humo tangu saa ngapi?"

"Saa saba."

Binti yao Tania, mwenye miaka kumi, akatokeza nyuma ya baba yake na kueleza kwa Kiingereza, lugha aliyojibia kila aliloambiwa kwa Kiswahili, kwamba yeye alimshauri mama aanzie ukuta wa ndani akaambiwa anyamaze, na kwamba amempa mkate kupitia dirishani. Kisha akasema anakwenda kwa Angélique, jirani wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu choo cha kwao sasa hakifikiki. Mlango wa mbele ukafungwa.

"Hivi ni vya Rumonge," alisema Égide.

"Najua ni vya wapi."

"Vestine, nilivitunza."

"Mpaka lini?"

"Mwakani. Nyumba ikishaezekwa."

"Mwakani," alisema Vestine. Hakulisema kwa kejeli. Alilitamka kama mtu anayetaja jina la jirani wa zamani. Akaulaza mwiko kwenye ukingo wa hodhi na kujifuta mikono kwenye suruali. "Unakumbuka siku tuliyorudi kutoka kanisani?"

Aliikumbuka. Ulikuwa mwezi wa Mei mwaka 2008, walipokuwa bado wanaishi Jeppestown, na watu walipopita mlango kwa mlango wakiwasaka wageni. Walilala siku tisa kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, wakijifunika blanketi moja watu watatu.

"Tulikuta mlango umevunjwa," aliendelea Vestine. "Mimi nikasimama kizingitini, mtoto kanishika sketi, naogopa kuingia, sijui mna nani ndani. Wewe ukatupita. Ukaenda uani moja kwa moja kuangalia kasha. Ukarudi unacheka, ukaniambia, halikuguswa."

Égide aliegemea mlango. Furaha ya siku ile aliikumbuka vizuri, jinsi alivyoihesabu misumari na kuikuta yote mahali pake. Alilokuwa hakumbuki ni mahali aliposimama mkewe. Alijaribu sasa kumwona pale kizingitini, na alipomwona alitamani asingemwona.

"Sina ugomvi na Rumonge," alisema Vestine. "Na mimi nimezaliwa kule. Kuna siku nasikia harufu ya mawese yanachemshwa, nikitoka nje nakuta ni moshi wa makaa ya mawe tu. Lakini mimi nikitoka nje narudi ndani. Wewe hurudi. Ukila uko kule, ukicheka uko kule. Tangu tushuke kwenye lile basi mwaka elfu mbili nakungoja ufike, Baba Tania. Nimechoka kungoja nikiwa na maji ya baridi miguuni."

Mtu akikosa pa kuyaweka macho, huyaweka kwenye kazi. Égide aliinamisha uso, akavitazama vigae. Kile cha kijani kibichi kilitoka Melville, kwa mwalimu wa muziki aliyefundisha piano chumba cha pili. Wiki nzima Égide alipanga safu kwa kufuata vidole vya watoto wanaokosea pale pale kila siku. Vyenye pembe sita vilikuwa vya Kensington, kwa bibi mmoja aliyemletea chai na kukaa juu ya ndoo kumsimulia habari za marehemu mumewe. Vyeusi aliviweka kwenye ukumbi wa Parktown juma lile Tania alipoota jino la kwanza. Vestine alimpigia simu akiwa juu ya ngazi, na nusura aanguke. Alikuwa akivifunga katika magazeti akidhani anaweka akiba ya siku zijazo. Vikiwa vimelazwa hivi, mbele ya miguu yake, vilikuwa siku zilizokwisha kupita, na alikuwa amezipita bila kuziangalia.

Gundi bado ilikuwa mbichi. Hilo alilijua bila kugusa. Aliliona kwenye rangi yake. Kabla ya jua kuzama angeweza kuvibandua vyote, kuvisafisha kwa maji na brashi, kuvifunga tena. Kesho asubuhi isingewezekana ila kwa tindo, na kigae kinachotolewa kwa tindo hutoka vipande. Alichutama, akalaza kiganja juu ya sakafu. Alitarajia kukuta mabonde, kwa maana vigae vile havikuwa na unene mmoja. Kiganja kilipita bila kukwama.

"Nani alikufundisha kuongeza gundi chini ya kile chembamba?"

"Wewe. Unaposimulia kazi mezani, unadhani natazama sahani?"

Akainuka, akaenda uani. Vestine alisikia ndoo ikisogezwa, kisha akasikia kitu kizito kikiburutwa juu ya saruji. Akajikunyata, akayafumba macho. Alikuwa amejiandaa kwa ukali wa mumewe. Hakuwa amejiandaa kuviona vigae vikibanduliwa mbele yake kimoja kimoja.

Alipoyafumbua, Égide alikuwa mlangoni amebeba kifuniko cha kasha. Aliweka matofali mawili kwenye kizingiti, akakiegemeza kifuniko hapo, na ncha ya pili akaituliza juu ya ukingo wa hodhi. Kikawa daraja. Vestine akashika ukingo ili avuke.

"Kaa," alisema Égide.

Akavua viatu. Akatambaa juu ya kifuniko kwa mikono na magoti, mfuko wa vifaa mgongoni, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mbao zikilia chini yake, akaingia ndani ya hodhi na kuketi mkabala wa mkewe. Halikuwa hodhi la watu wawili. Magoti yao yaligongana, na hapakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka.

"Safu ya tatu imekimbilia dirishani," alisema Égide.

"Usiiguse safu ya tatu."

"Siigusi."

"Nimeipanga nikiwa na hasira na wewe. Iache."

Akaiacha. Mtu ambaye hajawahi kukabidhi kazi iliyopinda alilazimika kuukata ukingo wa kila kigae kilichobaki ili kifuate upindo wa safu ya tatu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyoosha. Vestine alipaka gundi, yeye akalaza. Mara moja tu Égide alimshika mkono kumwonyesha namna ya kuuinamisha mwiko, na baada ya kumwonyesha akachelewa kuuachia. Jua lilipoondoka dirishani walikuwa wamefika ukingoni, wakavuka daraja lao mmoja mmoja, viungo vimekufa ganzi.

Jumamosi na Jumapili walifanya ukuta wa upande wa hodhi. Égide alikwangua rangi mpaka kwenye plasta, akapaka dawa ya kuzuia maji, akavuta uzi. Tania alipewa sifongo na saruji nyeupe ya kujazia nafasi kati ya vigae. Alipoona baba yake anajua kila kigae kilikotoka, akaanza kuuliza. Aliuliza kwa Kiingereza, Égide akajibu kwa Kiswahili, wakaenda hivyo ukuta mzima. "Na hiki?" alisema ghafla mbele ya kigae chenye ua la buluu, kwa Kiswahili, kisha akaona aibu na kujifanya anasugua.

Hamu haikumtoka Égide. Mtu asidhani ilimtoka. Jumapili alasiri alishika kipande cha kioo cha rangi ya ziwa, alichokiweka miaka yote kwa ajili ya ukingo wa dirisha lile la magharibi, na mkono ukakataa kukipaka gundi. Alikaa nacho muda mrefu. Dirisha la hapa lilitazama ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Vestine alimwona, akaendelea kusafisha ndoo. Mwishowe Égide alikibandika, lakini alipotoka nje alisimama uani kwa muda bila sababu, akitazama upande ambao ziwa lingekuwako kama macho ya mtu yangeweza kufika huko.

Jumatano jioni, saruji ilipokauka, Vestine alichemsha maji ya kuongezea ya bomba na kumwambia aanze yeye. Égide akakataa, Vestine akasisitiza. Akaingia, akafunga mlango. Sakafu ilikuwa baridi chini ya nyayo, lakini imara. Safu ya tatu ilikimbilia dirishani, na zilizofuata zikaifuata. Akafungua bomba, akajimwagia maji ya moto kichwani, na mvuke ukajaa chumba kile kidogo mpaka kuta zikafifia.

Nje simu iliita. Akamsikia Vestine akiipokea sebuleni. Alikuwa dada yake mkubwa, kutoka Rumonge, na kama kawaida Vestine aliweka sauti ya simu juu ili aendelee na kazi za mikono. Walisalimiana kwa urefu. Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za mguu wa mjomba. Vestine akamweleza habari za bafu, akacheka alipofika mahali alipokwama ndani ya hodhi kwa saa mbili.

"Na shemeji yuko wapi?" sauti ya dada iliuliza.

"Yupo. Anaoga."

"Haya. Sasa mnarudi lini?"

Swali hilo liliulizwa katika nyumba ile kila walipopigiwa simu, na siku zote aliyejibu alikuwa Égide, kwa haraka, hata akiwa chumba kingine: mwakani, Mungu akipenda. Sasa alisimama na sabuni usoni, neno likiwa tayari mdomoni. Sebuleni Vestine alikuwa amenyamaza. Égide akagundua kwamba hajui mkewe atasema nini. Kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kumsikia akijibu.

Akanyoosha mkono, akafunga maji apate kusikia.